Minkowski, daktari aliyefichua siri ya kongosho

MWAKA 1889 unakumbukwa mjini Moshi na katika miteremko ya Kilimanjaro kwa safari ya Mjerumani Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo Oktoba 6. Mwaka huohuo, mjini Strasbourg, uliokuwa chini ya Ujerumani, daktari Oskar Minkowski alifanya upasuaji ambao mafunzo yake yanamgusa hadi leo kila mgonjwa aliyeondolewa kongosho.

Minkowski alizaliwa Januari 13, 1858 karibu na Kaunas, katika nchi ambayo sasa ni Lithuania. Mdogo wake, Hermann, alikuwa mwanahisabati mashuhuri.

Akishirikiana na Joseph von Mering, Minkowski alimwondoa mbwa kongosho lote ili kubaini iwapo kiungo hicho ni cha lazima katika kumeng'enya mafuta. Mbwa huyo alinusurika, lakini akawa anakojoa mara kwa mara. Mkojo ulipopimwa, ulikutwa na sukari.

Baadaye Minkowski alipandikiza kipande cha kongosho chini ya ngozi ya mbwa aliyeondolewa kiungo hicho. Kisukari hakikutokea hadi kipande hicho kilipotolewa. Ikadhihirika kuwa kongosho lina kazi mbili: kumeng'enya chakula na kudhibiti sukari.

Hakuwa yeye aliyeipata dawa. Insulini ilipatikana Toronto, Canada, kati ya 1921 na 1922, kwa juhudi za Frederick Banting na wenzake. Minkowski aliishi kuiona ikiokoa maisha, akafariki dunia mwaka 1931 nchini Ujerumani.

Kazi hizo mbili ndizo humpa shida mgonjwa aliyeondolewa kongosho lote. Hukosa insulini ya kushusha sukari, na pia hukosa glukagoni, homoni ya kuipandisha inaposhuka. Hivyo sukari yake huyumba ghafla. Asipotumia dawa za vimeng'enya anapokula, hata sahani ya mtori huweza kupita bila kumeng'enywa vizuri, ilhali insulini aliyojidunga inaendelea kushusha sukari.

Kwa mgonjwa anayeishi juu mlimani, mbali na Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, kipimo cha sukari na kitu kitamu cha kulamba haraka ni kinga dhidi ya kuzirai, hata kifo. Kiasi cha insulini hupangwa na daktari wake, kwa kuzingatia mlo na vipimo vya kila siku.