Marie Curie: Mionzi ilimpa sifa, ikamkausha damu

JULAI 4, 1934, katika hospitali ya Sancellemoz iliyoko milimani mashariki mwa Ufaransa, alifariki dunia Marie Curie, mwanamke wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel. Alikuwa na umri wa miaka 66. Uboho wa mifupa yake ulikuwa umeshindwa kutengeneza damu, na daktari wake aliihusisha hali hiyo na mionzi aliyoishi nayo kwa zaidi ya miaka 30.

Marie alizaliwa Novemba 7, 1867 mjini Warsaw, Poland, ambako wakati huo wanawake hawakupokewa chuo kikuu. Alifundisha watoto wa matajiri majumbani ili kumsomesha dada yake Paris, naye akamfuata mwaka 1891. Miaka minne baadaye aliolewa na mwanafizikia Pierre Curie.

Mwaka 1898 wanandoa hao walitangaza kugundua elementi mbili, poloniamu na radiamu. Hata hivyo, ilimchukua Marie hadi mwaka 1902, akichemsha na kuchuja mabaki ya madini ndani ya banda bovu, kupata sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu. Tuzo ya kwanza ya Nobel ilikuja mwaka 1903.

Mwaka huohuo wanyama walianza kutoa onyo. Mjini Leipzig, Ujerumani, daktari Hermann Heineke aliona kuwa panya waliopigwa eksirei kwa muda mrefu walikufa, huku uboho na bandama zao zikiwa zimeharibika. Mwaka 1904 Pierre mwenyewe, akishirikiana na madaktari wawili, aliwavutisha wanyama wadogo gesi itokayo katika radiamu. Walikufa baada ya saa chache.

Sababu yake ilieleweka baadaye. Mionzi huziumiza kwanza chembe zinazogawanyika upesi, na uboho hauna siku ya mapumziko. Ukidhurika, chembe nyeupe zinazopambana na maradhi hupungua mapema, zikifuatiwa na zile zinazogandisha damu. Chembe nyekundu, ambazo huishi takriban siku 120, huchelewa kupungua.

Pierre alikufa mwaka 1906 kwa kugongwa na mkokoteni wa farasi. Marie aliendelea peke yake, akapata Nobel ya pili mwaka 1911. Katika vita vya 1914 hadi 1918 alipeleka magari ya eksirei kwa majeruhi, akisaidiwa na binti yake Irène, bila kinga ya kutosha. Kaburi lake lilipofunguliwa mwaka 1995, radiamu iliyokutwa ilikuwa kidogo, jambo lililowafanya wataalamu kuzishuku zaidi eksirei hizo za vitani. Irène alifariki mwaka 1956 kwa saratani ya damu.

Kwa wakazi wa Tunduma, historia hiyo haiko mbali. Baadhi ya malori ya shaba yanayovuka mpaka hapo hutoka Katanga, Kongo, ambako mgodi wa Shinkolobwe ulikuwa chimbuko kuu la radiamu duniani tangu miaka ya 1920. Aidha, mpiga picha za eksirei wa Tunduma au Vwawa anatakiwa kujikinga na mionzi kwa mujibu wa Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003.

Panya walioonyesha madhara ndio pia walioonyesha tiba. Mwaka 1949, Leon Jacobson wa Chicago alibaini kuwa panya waliofunikwa bandama kwa risasi walinusurika mionzi iliyowaua wenzao. Mwaka 1951 Egon Lorenz aliwaokoa wengine kwa kuwadunga uboho. Huko ndiko ulikoanzia upandikizaji wa uboho, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2021 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023.

Ugonjwa uliomwondoa Marie Curie ni mmojawapo wa magonjwa ambayo leo huweza kutibiwa kwa njia hiyo.