Mfalme Abdulaziz na Ndugu Waliomgeukia

Mafunzo ya maisha ya wakubwa waliotutangulia hayamo katika ushindi wao peke yake. Yamo pia katika makosa yao na katika misiba iliyowafika. Leo tumependa kuwaeleza wasomaji wetu habari za Mfalme Abdulaziz bin Abdulrahman Al Saud, mwasisi wa ufalme wa Saudia, na hasa habari za watu aliowalea kwa jina la dini, kisha wakamwasi kwa jina la dini hiyo hiyo.

Abdulaziz alizaliwa Riyadh karibu na mwaka wa 1876, wakati ezi ya nyumba yake ilipokuwa ikidhoofika. Mwaka wa 1891 baba yake alitolewa mjini kwa nguvu za Ibn Rashid wa Hail, na jamaa yote ikaishia Kuwait, katika ugeni na uhitaji. Januari 1902 kijana huyo alirejea usiku na watu wachache. Liwali wa Ibn Rashid akauawa kwenye ngome ya Masmak, na mji ukarudi mikononi mwa wenyewe.

Lakini kuutwaa mji ni jambo moja, na kulitawala jangwa ni jambo jingine. Mabedui walikuwa leo upande huu na kesho upande ule, wakifuata ngawira. Kwa hiyo, tangu karibu na mwaka wa 1912, Abdulaziz aliwahimiza waache kuhamahama, wakae penye visima, walime na wasome dini. Makao hayo yaliitwa hijra, na wakaao humo wakaitwa Ikhwani, yaani Ndugu. Mutair, kabila la Faisal Al-Duwaish, walikaa Artawiyya. Utaiba, watu wa Sultan bin Bijad, walikaa Ghatghat.

Kazi hiyo ilikuwa na kheri ndani yake, kwani watu wasiojua sala walisali, na makabila yaliyokuwa yakiuana yalikaa safu moja. Ila elimu waliyopewa ilikuwa chache, na hamasa ilikuwa nyingi. Walianza kumwona bedui aliyebaki hemani kuwa si Mwislamu kamili, na kumchukia aliyefunga agali badala ya kilemba cheupe, hata maulamaa wakalazimika kufutu kwamba mambo hayo hayamtofautishi Mwislamu na mwenzake. Abdulaziz aliyaona hayo, lakini alikuwa na haja na panga zao. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kwa panga hizo alishinda Hail mwaka wa 1921. Mwaka wa 1924 Ikhwani waliingia Taif, na raia wakauawa kwa mamia, Waislamu wakiua Waislamu. Khofu ilienea Hijazi yote. Watu wa Madina, walipozingirwa, walikataa kujisalimisha kwa Al-Duwaish. Waliomba aje mmoja wa wana wa Abdulaziz, na mji ukakabidhiwa mwanawe Muhammad, Disemba 1925.

Alipokuwa mfalme wa Hijazi, mwaka wa 1926, Abdulaziz alikuwa na mahujaji wa kuwalinda, na mipaka na jirani zake ya kuiheshimu. Ikhwani hawakuyataka hayo. Walimlaumu kwa simu na motokaa, kwa kodi, kwa kumpeleka mwanawe Saud Misri na mwanawe Faisal London, na kwa kuwazuia wasivamie Iraki. Februari 1927 maulamaa wa Nejd walikutana kuyapima madai hayo. Kuhusu simu walisema kwamba hawana dalili ya kuiharimisha. Kuhusu kodi walisema kwamba si halali na mfalme aiondoe. Hata hivyo walifutu kwamba kodi ya dhulma haihalalishi uasi, na kwamba amri ya jihadi ni ya imamu peke yake. Hapa panafaa pafikiriwe sana: wanavyuoni hao hawakumpaka mfalme mafuta, wala hawakumpa mwasi ruhusa.

Al-Duwaish hakusikia. Novemba 1927 watu wa Mutair waliwaua mafundi na askari wa Busayya, Iraki, na ndege za Waingereza zikalipiza jangwani. Mwishoni mwa 1928 mfalme aliita mkutano mkubwa Riyadh, akasema yu tayari kujiuzulu wamchague mwingine katika jamaa yake, waliohudhuria wakakataa. Viongozi wa uasi hawakuja. Muda si muda Bin Bijad alishambulia wafanya biashara wa Nejd yenyewe, na watu wa miji wakasimama na mfalme.

Walikutana Sabilla, karibu na Zilfi, mwisho wa Machi 1929. Bombomu za mfalme zilimaliza vita kwa muda mfupi. Al-Duwaish, amejeruhiwa tumboni, aliletwa amebebwa, mfalme akamsamehe. Bin Bijad akafungwa. Aliyesamehewa alipona, akaasi tena. Katika kiangazi kile kile mwanawe alikufa kwa kiu jangwani. Januari 1930 Al-Duwaish alijisalimisha kwa Waingereza, nao wakamrudisha kwa mfalme kwa ahadi kwamba hatauawa. Alikufa gerezani Riyadh mwaka wa 1931. Mwaka uliofuata nchi ikaitwa Ufalme wa Saudia, na Abdulaziz akaitawala mpaka alipofariki Taif, Novemba 1953.

Lakini moto haukuzimika wote. Novemba 1979 Juhayman Al-Utaibi, mzaliwa wa Sajir, makao ya Ikhwani, aliuteka Msikiti wa Makka kwa bunduki, na damu ikamwagika penye Haram.

Sisi tunaohimiza watu waache bidaa na warejee kwenye asili ya dini yatupasa tuyasome maisha haya kabla ya wengine. Al-Duwaish hakupungukiwa na sala wala ushujaa. Alipungukiwa na elimu ya kumwonyesha mpaka. Naye Abdulaziz alifaidika na ujinga huo maadamu ulielekezwa kwa adui zake, na akaulipia ulipomgeukia. Basi anayewafunza vijana kukemea awafunze kwanza kujua, maana aliyefunzwa kumkufurisha jirani haachi kumkufurisha mwalimu wake. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye insafu. Amin.