Vanila unayoila ina deni kwa kijana wa miaka 12

Ukisikia okidi unawaza lile ua la bei ghali kwenye mapokezi ya hoteli, si ndiyo? Lakini hata vanila ni okidi. Na kama umewahi kuonja vanila halisi (usidanganyike, aiskrimu nyingi za bei rahisi huwekwa ile ya maabara), basi una deni kwa kijana aliyezaliwa mtumwa. Anaitwa Edmond Albius.

Edmond alizaliwa 1829 huko Sainte-Suzanne, kisiwani Réunion, koloni la Ufaransa katika hii Bahari yetu ya Hindi. Mamake alifariki akimzaa. Shule hakuona. Bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, alipenda mimea sana na alizoea kuzunguka naye shambani. Ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kuchavusha maua ya jamii ya maboga kwa mkono.

Sasa, shida ilikuwa vanila. Asili yake ni Meksiko, na ilikuwa imefika kisiwani karibu 1820. Ilikua, ikatambaa, hata ikachanua, lakini matunda wapi! Wadudu wanaoichavusha kwao hawakuwako Réunion. Halafu ndani ya ua kuna kiutando kinachotenga sehemu ya kiume na ya kike, kama ukuta kati ya majirani wasiosalimiana. Na ua lenyewe hufunguka asubuhi, likanyauka siku hiyo hiyo. Ubelgiji, mtaalamu Charles Morren alikuwa amefaulu kuizalisha 1836, ila njia yake haikumfaa mkulima.

Siku moja 1841, Ferréol akaona maganda kwenye mvanila wake uliokaa miaka bila kuzaa. Edmond, wa miaka 12, akamwambia ni kazi yake. Mzee hakuamini. Akamtaka aonyeshe. Edmond akafungua ua, akainua kiutando kwa kijiti chembamba, akabana chavua mahali pake kwa kidole gumba. Basi. Sekunde chache tu!

Akawa anapelekwa shamba hadi shamba kufundisha watumwa wengine. Kufikia 1898 kisiwa kiliuza nje tani 200 hivi za vanila. Ujuzi ukavuka hadi Madagascar na Komoro.

Na yeye je? Utumwa ulipokomeshwa 1848 alipata uhuru na jina Albius. Pesa, zii. Akahamia Saint-Denis kufanya kazi ya jikoni, akashtakiwa kwa wizi wa vito, akafungwa. Aliombewa msamaha na akaachiliwa mapema. Kama hiyo haitoshi, mtaalamu wa mimea, Jean Michel Claude Richard, akadai njia ile ilikuwa yake. Ferréol akaandika kumtetea Edmond. Hapa ndipo mimi huudhika: bila barua za aliyekuwa bwana wake, leo tungekuwa tunamsifu Richard.

Edmond alifariki 1880 kule kule Sainte-Suzanne, maskini. Lakini pita shamba la vanila hapo Uganda asubuhi wakati wa maua: utawakuta wakulima wameinama, kijiti mkononi, wakiinua kiutando kile kile, ua moja baada ya jingine.