BERNABÉU SI MTAA, NI MTU! Na kuna siku alitaka kuuuza uwanja wenyewe

Wadau, hii nimeona niiandike maana nimechoka kusikia vijana wakitaja Bernabéu kama vile ni jina la mtaa wa Madrid. Mtaa ulikuwa Chamartín, enzi hizo kitongoji cha nje kidogo ya jiji. Bernabéu ni mtu kabisa, alicheza mpira, akapigana vita, akaongoza klabu mpaka akafa. Na kabla hamjaanza kunirushia maneno, mimi si shabiki wa Real Madrid.

Santiago Bernabéu alizaliwa tarehe 8 Juni 1895 huko Almansa, kusini-mashariki mwa Hispania. Familia ikahamia Madrid, na mwaka 1909 dogo akaingia timu ya vijana ya klabu. Msifikirie klabu ya mapesa kama ya leo. Mwaka 1912 ilipopata kiwanja cha kukodi pale O'Donnell, yeye na ndugu yake walikuwa kati ya watu waliosimamisha uzio kwa mikono yao. Hebu mfikirie mshambuliaji wenu wa leo ameshika nyundo! Jamaa alikuwa mshambuliaji, na baadaye nahodha.

Mwaka 1923 klabu ikaondoka O'Donnell, ikajibanza kwa muda kwenye uwanja wa mbio za baiskeli wa Ciudad Lineal. Mei 1924 ikafungua uwanja wake yenyewe Chamartín, wa watu kama 15,000 hivi, ikaifunga Newcastle ya Uingereza 3-2. Bernabéu akatundika daluga mwaka 1927 lakini hakuondoka klabuni.

Halafu vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1936 mpaka 1939. Hapa tusifichane: mzee alipigana upande wa Franco. Aliporudi alikuta uwanja umeharibika vibaya na klabu imesambaratika. Akawa mmoja wa walioanza kuokota vipande.

Urais aliupata kwa njia ya ajabu. Juni 1943 Madrid iliifunga Barcelona 11-1 kwenye nusu fainali ya kombe, baada ya kufungwa 3-0 mechi ya kwanza. Watu wa Barcelona mpaka leo wanasema wachezaji wao walitishwa. Vurugu ikawa kubwa, marais wa klabu zote mbili wakang'oka, na Septemba mwaka huohuo Bernabéu akakaa kwenye kiti.

Sasa sikilizeni. Nchi imetoka vitani, chakula kinagawiwa kwa kadi, timu haijachukua ubingwa wa ligi tangu 1933. Mzee anasema tununue ardhi jirani na uwanja wa zamani, tujenge wa watu 75,000! Wengi walimwona amechanganyikiwa, eti uwanja mkubwa hivyo kwa timu ndogo hivyo. Hela yenyewe iko wapi? Akawageukia wanachama na mashabiki, akawauzia hatifungani, yaani wewe unaikopesha klabu, nayo itakulipa baadaye na riba. Watu wakanunua! Ujenzi ukaanza Oktoba 1944.

Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia. Lakini pia ni hapo ambapo angeweza kuizika klabu. Uwanja ulifunguliwa tarehe 14 Desemba 1947, Madrid ikaifunga Belenenses ya Ureno 3-1, bao la kwanza likiwa la Barinaga. Shangwe kweli. Ila msimu huohuo Madrid ilimaliza ligi nafasi ya 11 kati ya timu 14, ikaponea chupuchupu kushuka daraja. Uwanja mkubwa kuliko wote nchini, deni juu, na timu inapigania kutoshuka! Ingeshuka, leo pengine tungekuwa tunamtaja kama mfano wa rais mpumbavu.

Haikushuka. Mwaka 1953 akamleta Di Stéfano, baada ya mvutano mrefu na Barcelona, na 1954 ubingwa ukarudi baada ya miaka 21. Uwanja ukaongezwa ukaingiza watu kama 125,000, wengi wao wakiwa wamesimama. Hesabu yake ilikuwa rahisi: viingilio vya umati vinunue mastaa, mastaa walete umati. Januari 1955 wanachama wakaupa uwanja jina lake akiwa hai. Kuanzia 1956 Madrid ikachukua Kombe la Ulaya mara tano mfululizo, la mwaka 1957 wakilibeba humohumo ndani kwa kuifunga Fiorentina 2-0.

Sasa ile ya kuuza. Kufikia 1973 kitongoji cha zamani kilikuwa kimemezwa na jiji, ardhi pale ni dhahabu. Mzee, umri karibu 78, akatangaza mpango wa kuuza kiwanja chenye jina lake na kujenga kipya kaskazini mwa jiji. Wewe ungethubutu? Kwake nadhani uwanja ulikuwa kitendea kazi tu, kama ule uzio wa O'Donnell. Wakubwa wa jiji wakakataa, mpango ukafa.

Alifariki tarehe 2 Juni 1978, akiwa bado rais, siku moja tu baada ya Kombe la Dunia kuanza kule Argentina. FIFA ikatangaza siku tatu za maombolezo. Kombe lililofuata likafanyika Hispania, na fainali ya tarehe 11 Julai 1982, Italia 3 Ujerumani Magharibi 1, ikapigwa palepale alipotaka kupauza.