NIKOLA TESLA: MTU ALIYECHOSHWA NA CHECHE

Wenzangu wengi chamani wameandika juu ya wanasiasa na wanariadha. Mimi nimemchagua Nikola Tesla, na sababu ninayo.

Jirani yetu ni fundi wa jua kali. Akiwasha grainda yake tu, redio ya nyanya inaanza kukoroma hata mtangazaji hasikiki. Siku moja kelele hiyo ilimeza tangazo la msiba wa binamu yake. Tulipopata habari, mazishi yalikuwa yameshapita. Nyanya hakugomba. Alizima redio akakaa kimya. Kesho yake nikauliza darasani kwa nini mota ya jirani inaingia redioni, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wa fizikia hakucheka. Alinipa kitabu kuhusu Tesla.

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kiko Kroatia. Baba yake alikuwa kasisi. Mama yake hakujua kusoma, lakini alijiundia vyombo vya kazi za nyumbani. Mwaka wa 1875 Tesla alijiunga na chuo cha ufundi mjini Graz, Austria. Huko profesa wake aliwaonyesha mashine ya Gramme ikizunguka kama mota. Brashi zake zilitoa cheche tele pale zilipogusa komuteta, yaani ile pete iliyokatwa vipande vipande. Tesla akasema pengine mota inaweza kuzunguka bila komuteta. Profesa akaeleza mbele ya wanafunzi wote kwamba jambo hilo haliwezekani kamwe. Kijana alinyamaza, lakini swali lilibaki kichwani.

Aliondoka chuoni bila shahada. Mwaka wa 1882, akitembea bustanini mjini Budapest, jibu likamjia: nguvu ya sumaku yenyewe ndiyo izunguke, nayo iburute rota bila kuguswa na brashi. Mwaka wa 1884 alihamia Marekani. Mambo yalimwendea mrama hata akachimba mitaro ili apate riziki. Hatimaye, Mei 1888, alipewa hataza za mota na jenereta zake. Kwenye jenereta alitumia pete nzima, zisizokatwa. Brashi huteleza juu yake bila kuvuka mianya, basi cheche hupungua. Kampuni ya Westinghouse ilinunua hataza hizo, na mwaka wa 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika mji wa Buffalo.

Miaka hiyo hiyo Mjerumani Heinrich Hertz alithibitisha kwamba cheche hutoa mawimbi yanayosafiri hewani. Hapo ndipo nilipoelewa. Kila cheche ya grainda ni kama kituo kidogo cha redio kinachopiga kelele ovyo. Hata zile pete nzima zikichafuka, au brashi zikilika na kurukaruka, cheche hurudi na kelele hurudi nazo.

Tesla alifariki tarehe 7 Januari 1943 katika chumba cha hoteli mjini New York, akiwa peke yake na bila mali. Hilo lilinihuzunisha sana. Lakini mota za aina yake zingali zinazungusha pampu na mashine za posho, wala hazina brashi za kurusha cheche.

Nilimwendea jirani, tukaifungua grainda. Brashi zake za kaboni zilikuwa zimelika karibu zote. Tukatia mpya na kusafisha komuteta. Sitadanganya, kelele haikwisha yote. Lakini jioni ile nyanya alisikia matangazo ya vifo jina baada ya jina, mpaka mwisho.

Msomaji mwenzangu, kuuliza si ujinga. Wakikucheka darasani, waache wacheke. Wewe uliza tu.