HERMAN HOLLERITH: MWANAMUME ALIYEZIPA KADI KUMBUKUMBU

  Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mtunza vitabu wa chama chetu hiki cha Kiswahili. Leo nimeishika kalamu nikusimulie maisha ya mtu mmoja wa zamani, Mmarekani kwa uraia, ambaye kama si yeye labda nisingejua kosa langu lilikuwa wapi. Kaa kitako unisikilize.

Kwanza nikueleze yaliyonipeleka kwake. Muhula wa kwanza nilitengeneza programu ndogo kwenye simu ya chama, ile ambayo mlezi wetu huifungia ofisini. Nilitaka kuachana na lile daftari letu lililochanika. Mwanafunzi akija kuazima kitabu naandika jina lake na jina la kitabu. Akikirudisha naweka alama. Wiki nzima mambo yakaenda sambamba, nami kichwa kikavimba. Ijumaa jioni simu ikaisha chaji. Jumatatu nilipoiwasha, wallahi, hapakuwa na hata jina moja! Majina 37 yalikuwa yamekwenda na maji.

Badala ya kukiri, nikaandika orodha upya kwa kukumbuka tu. Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza nikamweka miongoni mwa wasiorudisha. Akasema alikirudisha. Nikamwita mwongo mbele ya wenzake. Hadithi yake nitaimalizia mwishoni.

Mwalimu wa tarakilishi alicheka, kisha akanieleza. Majina nilikuwa nimeyaweka kwenye kumbukumbu ya muda, ile ambayo simu hutumia inapofanya kazi. Ni kama ubao wa darasani: kengele ikilia, dasta inapita. Sikuiagiza programu iyaandike kwenye hifadhi ya kudumu, ambayo hubaki hata simu ikizimwa. Akaniambia nikamsome Herman Hollerith. Nami nikaingia maktabani.

Hollerith alizaliwa tarehe 29 Februari 1860 mjini Buffalo, jimbo la New York. Hebu itazame tarehe hiyo! Siku yake ya kuzaliwa ilikuja kila baada ya miaka minne, na kwa kuwa mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu, kuna wakati alingoja miaka minane mizima. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Baba alifariki Herman akiwa bado mdogo, na mama akawalea watoto kwa kushona kofia. Inasemekana kijana huyu aliyachukia masomo ya tahajia kiasi kwamba siku moja aliruka dirishani akamtoroka mwalimu. Ninyi mnaokimbia imla mmepata jamaa! Lakini msishangilie mapema, kwani hesabu na mashine aliziweza barabara, na mwaka 1879 alihitimu uhandisi wa migodi katika Chuo cha Columbia, New York.

Profesa wake mmoja alikuwa akisaidia kazi ya sensa ya Marekani ya mwaka 1880, akamchukua kijana Hollerith awe msaidizi. Huko ndiko alikokutana na taabu iliyobadilisha maisha yake. Katiba ya nchi hiyo inaamuru watu wahesabiwe kila miaka kumi. Mwaka 1880 walikuwa zaidi ya milioni 50, na kila mmoja ameulizwa umri, kazi, alikozaliwa na mengineyo. Majibu yote yaliandikwa kwa mkono kwenye karatasi kubwa, kisha makarani wakayahesabu kwa kuchora vijistari. Ukitaka kujua waashi wangapi walizaliwa Ujerumani, unaanza upya karatasi ya kwanza mpaka ya mwisho. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka saba. Wahamiaji nao walikuwa wakimiminika kwa meli. Watu wakaanza kuogopa kwamba sensa ya 1890 isingekwisha kabla ya ile ya 1900 kubisha hodi.

Pale ofisini kulikuwa na daktari aliyeitwa John Shaw Billings, aliyesimamia takwimu za vifo. Jioni moja wakiwa mezani, Billings alimdokezea Hollerith kwamba pangefaa kuwe na mashine ya kuifanya kazi hii ya kuchosha, labda kwa kutumia kadi zenye alama pembeni. Billings mwenyewe hakuwa na haja ya kuitengeneza. Hollerith ndiye aliyekosa usingizi.

Alifundisha kwa muda mfupi chuo cha teknolojia cha Massachusetts, akahamia St. Louis kujaribu breki za treni, akafanya kazi ofisi ya hataza mjini Washington. Kila alikokwenda wazo lilimfuata. Mwanzoni alitoboa matundu kwenye utepe mrefu wa karatasi. Ubaya wa utepe ni kwamba ukimtaka mtu mmoja aliye katikati, sharti uuvute wote. Ndipo akakumbuka safari moja ya treni. Kondakta alikuwa akitoboa kwenye tikiti sura ya abiria: nywele za rangi gani, macho gani, pua kubwa au ndogo, ili mwingine asije akaiiba tikiti na kuitumia. Basi Hollerith akaona mwanga: kila mtu apewe kadi yake! Kadi inaweza kupangwa, kupanguliwa na kuhesabiwa tena bila kuwagusa wengine.

Hebu nieleze mashine yenyewe, maana hapa ndipo utamu ulipo. Kadi ilitobolewa mahali maalumu: tundu hapa ni mwanamume, tundu pale ni umri fulani, tundu kule ni nchi ya kuzaliwa. Karani aliilaza kadi kwenye mashine, akavuta mpini, na sindano nyingi zikashuka. Sindano iliyokuta karatasi nzima ilizuiwa. Iliyokuta tundu ilipenya ikachovya kwenye kikombe kidogo cha zebaki kilichokuwa chini. Hapo umeme ukapita, na mshale wa saa mojawapo ya mashine ukasogea hatua moja. Wakati huohuo kifuniko cha sanduku fulani kilifunguka chenyewe kumwonyesha karani aiweke kadi wapi. Jioni umeme ukizimwa, kadi zilibaki na matundu yake. Kesho yake, hata mwaka ujao, zilisema yaleyale.

Tarehe 8 Januari 1889 alipewa hataza ya uvumbuzi wake. Mwaka huohuo sensa iliitisha mashindano ya mbinu tatu, kwa kutumia majibu ya watu wa sehemu ya St. Louis. Katika kujumlisha, wapinzani wake wawili walitumia takriban saa 44 na saa 55. Mashine ya Hollerith ilitumia kama saa tano na nusu. Hapo ubishi ukaisha.

Basi sensa ya 1890 ikawa yake. Hesabu ya kwanza ya watu, 62,622,250, ilitangazwa mwaka uleule. Wapo waliokasirika wakidai taifa lao ni kubwa zaidi ya hapo na kwamba mashine imewapunja. Inasimuliwa pia kwamba makarani waliochoka walikuwa wakinyonya zebaki kutoka vikombe vichache ili mashine ikwame nao wapumzike! Mwaka huo wa 1890 Columbia ilimpa shahada ya udaktari kwa kazi hiyo, na mnamo Septemba akamwoa Lucia Talcott. Mungu aliwajalia watoto sita.

Lakini maisha si mteremko siku zote. Sensa huja mara moja kwa miaka kumi, na yeye alikuwa akikodisha mashine, hauzi. Kazi ilipokwisha, mashine zilirudi na pesa zikawa haba. Akazunguka kutafuta wateja, akawapata wenye reli waliotaka kuhesabu mizigo. Mwaka 1896 alianzisha kampuni yake. Urusi ilitumia mashine zake kwa sensa ya 1897, na Marekani ikazitumia tena mwaka 1900.

Alikuwa mtu mkali, mwenye msimamo, asiyependa kuambiwa. Mkuu mpya wa ofisi ya sensa alipolalamika kuwa bei ni ghali, Hollerith hakurudi nyuma hata hatua. Akaondoa mashine zake. Serikali nayo ikawaweka mafundi watengeneze zake kwa sensa ya 1910. Akaenda mahakamani asifanikiwe. Nadhani hapa kiburi kilimponza: aliyemfungulia mlango ndiye aliyegombana naye. Mwaka 1911, afya ikiwa si nzuri, aliuza kampuni ikaunganishwa na nyingine, akapata zaidi ya dola milioni moja. Akanunua shamba Maryland, akafuga ng'ombe. Kampuni ile mwaka 1924 ikapewa jina la IBM, na kwa miongo mingi kadi zenye matundu ndizo zilizokuwa kumbukumbu ya tarakilishi duniani. Hollerith alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 17 Novemba 1929 mjini Washington.

Msomaji mpenzi, ningependa kuishia hapa kwa shangwe, lakini haki haijifichi. Kampuni ya Ujerumani iliyokodisha mashine za aina hiyo ilizitumia katika sensa ya mwaka 1933, wakati Hitler ametwaa madaraka. Mojawapo ya mambo yaliyotobolewa kwenye kadi lilikuwa dini ya mtu. Kila mmoja anajua yaliyowapata Wayahudi baadaye. Hollerith alikuwa kaburini, hakuyapanga wala kuyaona. Hata hivyo nilijifunza kwamba chombo kinachokumbuka kila kitu hakijui anayeuliza ana nia gani.

Nasi hapa Kenya? Mwezi wa Agosti 2019 tulihesabiwa kwa kutumia kompyuta kibao badala ya madodoso ya karatasi. Karani alibofya, na majibu yakahifadhiwa humo ndani mpaka yatumwe. Tukapatikana 47,564,296. Ndani ya hifadhi ya kifaa kama hicho mna vijumba vidogo mno visivyoonekana, ambavyo hunasa chaji ya umeme na kuishikilia hata kifaa kikizimwa. Chaji ipo, chaji haipo. Tundu lipo, tundu halipo. Ni mambo yaleyale ya mzee Hollerith! Na mwaka huohuo wa 2019 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda data, ili anayekusanya habari zako asizitumie apendavyo.

Basi nimeirekebisha programu yangu. Kila jina sasa linaandikwa kwenye hifadhi ya kudumu papo hapo, kila mwazimaji na safu yake kama kadi, na kila Ijumaa nanakili orodha kwenye daftari, kwani simu nayo huanguka. Nimefuta pia sehemu niliyokuwa nikiandika sababu za watu kuchelewesha vitabu. Wengine walinieleza mambo ya nyumbani kwao, tena ya siri. Hayo hayaihusu programu, wala wewe usiyesomewa.

Sasa yule kijana. Wiki moja baadaye kitabu chake kilipatikana chini kabisa ya kabati letu, alipokiweka kwa mkono wake mwenyewe, na nilikuwa nimemwekea alama kabla simu haijazima. Alikuwa amesema kweli. Mimi ndiye niliyesahau, nikaubandika usahaulifu wangu juu yake. Nilimwomba radhi pembeni, lakini nilimtukana hadharani, kwa hiyo namwomba radhi hadharani, katika kurasa hizi ambazo shule nzima itazisoma. Jina lake silitaji, mwenyewe anajijua. Mdogo wangu, nisamehe.

Na wewe uliye na vitabu vya chama tangu muhula wa pili, ukumbuke: safari hii jina lako lipo. Tamati.