Blaise Pascal na feza ya muchezo uliokatika

Blaise Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 ku Clermont, mu Ufaransa. Mama yake alikufa wakati mutoto alikuwa na miaka 3. Baba yake, Étienne, alikuwa mukubwa katika mambo ya kodi na alijua hesabu sana. Hakumupeleka Blaise ku masomo, alimufundisha yeye mwenyewe nyumbani. Paka kitu kimoja alimukataza: jeometri. Aliogopa mutoto akionja hesabu ataacha Kilatini. Vitabu vya hesabu vikafungiwa.

Lakini ukimukataza mutoto kitu, umemuonyesha njia. Dada yake Gilberte, njo aliandika maisha yake, anaeleza kama pa miaka 12 Blaise alikuwa anachora na makaa chini ku sakafu. Majina ya vitu hakuyajua, akajitungia yake. Siku moja baba akamukuta amefika peke yake ku jambo hili: kona tatu za pembetatu yoyote, ukizijumlisha, zinatoa digrii 180.

Wenye watoto ku masomo, mujaribu leo mangaribi. Kata pembetatu katika karatasi, ndefu ao fupi, haizuru. Pasua kona zake tatu, uziweke pamoja ncha kwa ncha: zitakaa juu ya mustari mumoja ulionyooka. Ila karatasi ile inasema juu ya pembetatu ile moja tu. Juu ya kuhakikisha zote, pitisha ku ncha ya juu mustari unaoenda sambamba na ule wa chini. Kona mbili za chini zinajirudia kule juu, moja kushoto, moja kuume ya ile ya tatu, na zote tatu zinajaza mustari.

Baba alilia kwa furaha, akamupa mutoto kitabu cha Euclid.

Kisha familia ilienda Rouen, mu Normandie. Baba alitumwa kule kupanga kodi, kisha watu kuasi juu ya kodi ile mwaka 1639. (Sisi wa sindika tunajua upande gani tungesimama.) Kijana aliona baba anajichokesha na kujumlisha usiku wote. Mwaka 1642, pa miaka 19, akaanza kutengeneza mashini ya magurudumu yenye kujumlisha na kutoa. Alijaribu kama mara 50. Ilitumika muzuri, lakini bei ilikuwa kali, wachache tu wakainunua.

Sasa tufike mwaka 1654, mwaka ninaoupenda zaidi. Mutu mumoja wa michezo ya kamari, Chevalier de Méré, alimuletea ulizo la zamani. Watu wawili wanacheza. Kila mumoja ametia pistoli 32, feza ya zahabu ya wakati ule, ni kusema 64 zote. Wa kwanza kushinda mara 3 anabeba yote. Wa kwanza ameshinda mara 2, mwenzake mara 1, na muchezo unakatika. Wagawanye namna gani?

Mbele yake kulikuwa na jibu la Pacioli, mutu wa Italia, la mwaka 1494: hesabu michezo iliyoshindwa tayari, mbili kwa moja. Masikio yanasikia ni haki. Pascal alikataa. Alisema hivi: tuwaze wanacheza mara moja tena. Wa kwanza akishinda, anachukua 64. Akishindwa, wanakuwa sawasawa, kila mutu anarudisha 32. Basi, iwe hivi iwe vile, 32 ni zake. Zile 32 zingine ziko katikati yao, nusu kwa nusu. Kwa hiyo wa kwanza 48, wa pili 16.

Ku Toulouse, Fermat, mutu wa sheria, alifuata njia ingine. Michezo miwili inatosha kumaliza, na miwili inaweza kutoka kwa namna 4. Katika tatu wa kwanza anashinda, katika moja wa pili. Robo tatu ya 64: ni 48. Waliandikiana barua, na hesabu ya bahati ikaanza pale.

Ndugu musomaji, angalia vile Pascal aligeuza macho. Haki ya mutu wakati mambo yanakatika, aliipima kwa yale yaliyokuwa yanabakia mbele, hakuhesabu yaliyopita. Mu mazungumuzo ya mikataba iliyovunjwa mbele ya wakati nimeona mara mingi mustari huu unasahauliwa ku meza: siku zilizotumika zinahesabiwa muzuri, na zile mutu angetumika bado zinawekwa zero.

Tarehe 23 Novemba mwaka ule ule, usiku, Pascal aliguswa sana na mambo ya Mungu. Toka pale hesabu ilipata nafasi kidogo. Mwili wake ulikuwa wa magonjwa siku zote. Mu Machi 1662, yeye na rafiki zake walianzisha mu Paris magari ya farasi yenye njia na saa ya kujulikana, bei sol 5 kwa kila mutu. Wakubwa wa sheria wakakataza waaskari na watumishi wa nyumba kupanda, sawa vile kawaida.

Mwaka ule alikuwa amepokea familia ya wamasikini kwake. Mutoto wao akashikwa na ndui. Watu wakasema mutoto aondolewe. Pascal, mugonjwa naye, akaondoka yeye, akaenda kwa Gilberte. Alikufa kule tarehe 19 Agosti 1662, alikuwa na miaka 39.